Ganda Si Risasi: Bunduki Kongwe na Msamiati Uliosahaulika

Katika taarifa za habari za Kiswahili, polisi hupata "risasi" nyumbani kwa mshukiwa, daktari huondoa "risasi" katika paja la majeruhi, na wapelelezi huokota "risasi" zilizotapakaa mahali pa tukio. Vitu hivyo vitatu havifanani hata kidogo. Cha kwanza ni kifaa kizima ambacho hakijalipuka. Cha pili ni kipande cha madini kilichopenya mtutuni na kuruka. Cha tatu ni ganda tupu la shaba lisiloweza kumdhuru hata sisimizi. Kiswahili cha leo kimevitia vyote katika kapu moja, na aghalabu hakuna anayelalamika. Makala haya yanalalamika. Tena yanadai kwamba kosa hilo si la lugha bali la watumiaji wake, kwa kuwa maneno ya kuvitenganisha vitu hivyo yamekuwapo kwa zaidi ya karne moja.

Kamusi za kale za Kiswahili zinakiita kile kifaa kizima kiasi, au kwa ukamilifu, kiasi cha bunduki. Ndani ya kiasi kuna mambo manne. Kuna ganda la shaba linaloshikilia vingine vyote, kuna fataki, yaani kile kijisahani kidogo kitakoni ambacho hupigwa na msumari wa mtambo kikatoa cheche, kuna baruti, na juu kabisa, mdomoni mwa ganda, kuna risasi. Neno risasi lenyewe lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya madini, yale mazito ya kijivu ambayo mvuvi huyatia katika nyavu zake. Maana ya kitu kinachoruka kutoka bundukini ilizaliwa kwa sababu kitu hicho kilifinyangwa kwa madini hayo. Hadi hapo hapakuwa na utata. Utata ulianza pale risasi ilipokimeza kiasi kizima, fataki, ganda na baruti yake.

Wapo watakaouliza kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ajitaabishe na sehemu za kifaa cha mauti. Jibu linahitaji mfano, na mfano ulio bora hautoki vitani. Unatoka katika karakana ndogo za nchi kama Uingereza, Marekani na Australia, ambako wapo watu wanaozifufua bunduki ambazo viwanda vikubwa viliacha zamani kuzitengenezea viasi. Katika kazi hiyo, fundi anayechanganya ganda na risasi hafiki mchana.

Chukua bunduki ya Martini-Henry. Jeshi la Uingereza liliipokea rasmi mwaka 1871, na ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wake waliposhindwa na Wazulu kule Isandlwana mwaka 1879. Kiasi chake kilibeba takriban gramu 5.5 za baruti nyeusi na risasi yenye uzito wa gramu 31 hivi, iliyosubiwa kwa sehemu kumi na mbili za risasi (hapa maana yake ni madini) na sehemu moja ya bati, kisha ikaviringishwa karatasi. Ilipofika mwisho wa karne ya kumi na tisa bunduki hiyo ilikuwa inaondoka. Baruti isiyotoa moshi ilikuwa imevumbuliwa, mitutu imekuwa myembamba, na jeshi hilohilo likahamia kipimo cha .303. Martini-Henry zikabaki katika maghala, katika makumbusho, na juu ya meko ya majumba ya watu wenye nafasi. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua shehena kubwa ya silaha kongwe iliyokuwa imehifadhiwa katika jumba moja la kifalme mjini Kathmandu, Nepal, na miongoni mwake mlikuwa na bunduki za aina hii kwa maelfu. Ghafla watu wengi wakawa na bunduki isiyo na chakula.

Hapa ndipo ufundi unapoanza. Jina la kipimo cha Martini-Henry ni .577/450, na jina hilo ni historia fupi ya kitu chenyewe. Bunduki iliyoitangulia, Snider, ilikuwa na mtutu wa sehemu 577 za elfu za inchi. Waingereza walipotaka risasi nyembamba zaidi iendayo mbali zaidi, walilibakiza ganda pana upande wa kitako na kulibana upande wa mdomo hadi likafaa risasi ya sehemu 450. Umbo likawa la chupa: kitako, kiwiliwili, mabega, shingo na mdomo. Sasa, upana wa .577 unakaribiana mno na kipimo cha bunduki za marisawa kiitwacho namba 24. Vipimo hivyo vya namba vinatokana na hesabu ya kale: ni idadi ya vidonge vya risasi vyenye upana wa mtutu ambavyo kwa pamoja huwa ratili moja. Namba 12, inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki, ni pana kwa sababu vidonge kumi na viwili tu vyatosha ratili; namba 24 ni nyembamba. Maganda ya shaba ya namba 24 bado yanatengenezwa viwandani. Fundi huyanunua hayo, na kwa mkono wake huyarudisha nyuma karne moja na nusu.

Kuyarudisha si jambo la nguvu. Shaba ikibanwa huwa ngumu, na ikizidi kubanwa hupasuka. Kwa hiyo fundi huilainisha kwanza kwa moto: hulipasha ganda upande wa mdomo hadi rangi ya shaba ibadilike, kisha huliacha lipoe au hulitumbukiza katika maji. Katika shughuli hiyo yote kitako hakiruhusiwi kupata moto, kwa kuwa kitako ndicho kinachozuia mripuko usimrudie mpigaji usoni, na shaba iliyolainika kitakoni ni hatari isiyoonekana. Baadhi ya mafundi hulisimamisha ganda katika sinia ya maji ili sehemu ya chini ibaki baridi. Baada ya hapo ganda hupakwa mafuta kidogo na kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma, kisha katika kalibu nyingine iliyo nyembamba zaidi, na nyingine tena, huku likilainishwa upya kila shaba inapoanza kukaidi. Mafuta yakipungua ganda hukwama kalibuni. Yakizidi, hukusanyika mabegani na kulitia mabonyeo. Likishafikia umbo la chupa hukatwa kwa urefu wake, mdomo hupigwa tupa, na kwa mara ya kwanza hupigwa katika bunduki yenyewe kwa baruti kidogo, ili livimbe na kuchukua umbo halisi la chemba ya bunduki ile. Bunduki mbili za aina moja hazina chemba zinazolingana kabisa, na ganda lililokwisha kupigwa katika moja huenda likakataa kuingia katika nyingine. Ni kama kiatu kilichovaliwa.

Kisha huja kujaza. Fataki hutiwa kitakoni. Baruti nyeusi hupimwa na kumiminwa, na hapa kuna sharti ambalo mgeni hulishangaa: pasibaki nafasi tupu kati ya baruti na risasi. Baruti nyeusi ikiachiwa hewa ndani ya ganda yaweza kuuharibu mtutu. Katika viasi vya asili Waingereza waliijaza nafasi hiyo kwa nta ya nyuki iliyowekwa kati ya vipande vya kadi, na nta hiyo pia ililainisha masizi yaliyobaki mtutuni. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kuchanganya baruti. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ikitiwa katika ganda lile kwa ujazo uleule, hutoa msukumo ambao chuma cha mwaka 1871 hakikuundwa kuustahimili, na kinachopasuka hapo si shabaha.

Mtu atajaribu kuyaeleza haya kwa Kiswahili cha magazeti ashindwe mara moja. "Risasi ya namba 24 hubanwa ikawa risasi ya Martini, kisha hutiwa risasi." Sentensi hiyo ni upuuzi, ilhali kila neno lake ni la Kiswahili fasaha. Lakini mtu huyohuyo akiyachukua maneno ya kale, hana haja ya kukopa hata moja: ganda la namba 24 hubanwa kalibuni, likatiwa fataki, baruti na risasi, likawa kiasi cha Martini. Aya zilizotangulia zimefanya hivyo bila ya kuhitaji mabano ya Kiingereza.

Neno kiasi lastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani uzuri wake haukutokea kwa bahati. Kabla ya ganda la shaba kuvumbuliwa, mwenye gobori alibeba baruti na risasi mbalimbali, akavishindilia kwa mdeki, akitegemea jicho lake kujua ni baruti ngapi inatosha. Kilipokuja kile kifurushi chenye baruti iliyokwisha kupimwa, wasemaji walikitaja kwa sifa yake kuu. Kilikuwa kipimo kilichofungwa tayari. Ni kusema kwamba mzungumzaji wa kale aliuelewa ufundi huu kutoka ndani, akaona kuwa siri yake haimo katika madini wala katika moto, imo katika kupima. Istilahi nyingi zinazobuniwa leo na kamati hazina busara ya aina hiyo.

Jambo la kalibu nalo lina utamu wake. Wanafunzi wengi wanalijua neno kaliba, kama katika usemi "mtu wa kaliba yake". Wanaisimu wengi wanakubali kwamba neno la Kizungu lililozaa kaliba, ambalo kwanza ni kipimo cha upana wa mtutu, lilitokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kalibu, kifaa cha kutilia umbo. Basi Kiswahili kilipokea mzizi mmoja mara mbili: mara ya kwanza kutoka Uarabuni moja kwa moja, ukawa kalibu ya mfua vyuma, mara ya pili baada ya kuzunguka Ulaya, ukawa kaliba. Fundi anayelisukuma ganda la namba 24 katika kalibu ili lipate kaliba ya Martini-Henry anawakutanisha ndugu waliopoteana karne nyingi. Fataki pekee ndiyo iliyochakaa. Kwa wengi siku hizi ni moto wa rangi wa sherehe, na nchini Tanzania, tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, ni mzee anayewanyemelea mabinti wa shule. Hata hivyo hakuna msikilizaji mwenye akili timamu atakayedhani kwamba mzee huyo ametiwa kitakoni mwa ganda.

Itasemwa kwamba huu ni ufundi wa Wazungu, na kwamba Kiswahili hakikuwahi kuufanya. Historia ya pwani yakataa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki bado zilibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11 na baruti nyeusi. Kila askari alipopiga, wingu la moshi liliinuka na kumwonyesha adui pa kulenga. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, na viasi havikuingia ila kwa nadra. Mnamo Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, ikijifanya ya Kidenishi kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa imesheheni silaha. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliishambulia ikaungua na kuzama katika maji ya kina kifupi. Wajerumani walizamia na kuopoa shehena, lakini maji ya chumvi yalikuwa yamepenya katika viasi. Ikabidi vifunguliwe kimoja kimoja, risasi zichomolewe, baruti ianikwe, kisha vifungwe upya. Hata baada ya taabu hiyo si vyote vilivyolipuka.

Kazi hiyo ilifanyika katika nchi ya Waswahili, katika jeshi ambalo askari wake walizungumza Kiswahili mchana na usiku. Haiyumkiniki kwamba waliifanya bila ya kuwa na maneno ya ganda, baruti na fataki. Kinachosikitisha ni kwamba tahakiki za fasihi ya vita hivyo, na hata baadhi ya tafsiri za vitabu vya historia, huyapitia mambo haya kwa neno moja lilelile, kana kwamba waliokuwa wakianika baruti juani walikuwa wakianika vipande vya madini.

Suala hili si la historia ya kijeshi pekee. Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, katika miaka ya 1950, kupatikana na silaha au kiasi kimoja tu bila ya kibali kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alishtakiwa Nyeri mwaka 1956 kwa makosa mawili, la kwanza kumiliki bastola na la pili kumiliki viasi sita, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika simulizi za Kiswahili husemwa kuwa alipatikana na "risasi sita". Msomaji wa leo hujua kinachokusudiwa kwa sababu anaijua hadithi. Lakini mtu ajiweke mahali pa mshtakiwa asiyejulikana na yeyote, aliyeokota msituni maganda sita matupu yaliyoachwa na askari ili akamtengenezee mtoto wake kichezeo, naye akasomewa mashtaka kwa lugha isiyotofautisha ganda na kiasi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, ingali inawaadhibu wanaomiliki au kutengeneza viasi bila ya leseni. Swali la iwapo kilichookotwa kilikuwa kitupu au kizima ni swali la kifungo na uhuru, na mkalimani ndiye anayelibeba kinywani.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba kiasi tayari kina maana nyingine iliyoenea, na hivyo kulirejesha kutaleta utata mpya. Pingamizi hili lina uzito wa manyoya. Wasemaji hawahitaji viasi kwa wingi wanapozungumzia kadiri ya kitu; husema kiasi cha fedha, kiasi cha maji, na basi. Umbo la wingi, viasi, kwa hakika liko wazi kwa kazi hii, na katika umoja muktadha au nyongeza ya "cha bunduki" hutosha. Lugha inayostahimili kaa la moto, kaa la pwani na kitenzi kaa haiwezi kuvunjika kwa viasi. Wapo wanaopendelea katriji, lakini neno hilo limekwisha kupewa kazi katika mashine za kuchapishia, na kazi hiyo yalitosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba kuufanya msamiati huu uwe mwepesi ni kuwafundisha vijana kutengeneza viasi, katika eneo ambalo silaha haramu zimeshaliza jamaa nyingi za Pokot, Turkana na Samburu. Ni hofu ya haki. Hata hivyo ikumbukwe kwamba nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, mwizi wa mifugo hahangaiki na ganda la namba 24 wala nta ya nyuki. Bunduki yake ni ya kisasa na viasi vyake hununuliwa vikiwa tayari. Ufufuaji wa bunduki kongwe ni ufundi wa mtu mwenye subira, mizani na leseni, na huweza kumchukua jioni nzima apate viasi kumi vya kupiga ubao. Hakuna mvamizi mwenye subira hiyo. Anayeteseka kwa ukosefu wa maneno ni karani, mkalimani, mwanahabari na mfasiri, seuze yule anayesimama kizimbani.

Jambo moja bado halina jina linaloridhisha, nalo ni kule kuipasha shaba moto ili irudi kuwa laini. Makala haya yametumia kulainisha, ambalo linatosha lakini halina makali, kwa sababu mafuta nayo hulainisha na hayahitaji moto. Wapo watakaopendekeza kuregeza, wengine kutuliza. Hakuna haja ya kamati. Wafua vyuma wa Kamukunji, jijini Nairobi, hupasha moto na kukunja madini kila siku ya Mungu, na kwa hakika wana neno wanaloambizana nyundo zikiwa mkononi. Mwanafunzi mwenye daftari na nauli ya matatu anaweza kulileta darasani kabla ya muhula kwisha.